Kikombe cha Tunda Kina Gramu Ngapi? Somo la Ujazo na Uzito kutoka Rungwe

Wilayani Rungwe matunda si kitu cha kutafutwa mbali. Udongo wa volkano pamoja na mvua inyeshayo sehemu kubwa ya mwaka huifanya migomba istawi hadi milangoni mwa nyumba. Katika masoko ya Tukuyu na Kiwira, ndizi na maparachichi ya milimani hukutana na maembe na mapapai yapandishwayo kutoka bonde la Kyela. Mpishi wa mbalaga hana haja ya gramu. Jicho na mkono vyamtosha, kwa kuwa ndizi chache zikizidi au zikipungua chungu hakiharibiki.

Lakini yapo mapishi ambayo hayasamehe. Jamu ni mojawapo. Sukari ikipungua, jamu huota ukungu kabatini; ikizidi, huganda kuwa chembechembe. Mwalimu wa sayansikimu hukuta kitabu kimoja kikisema “vikombe vinne vya tunda”, na kingine kikisema “gramu 900 za tunda”. Je, maagizo hayo mawili ni mamoja? Makala haya yanaonyesha kwamba jibu hutegemea mambo matatu: kikombe ni kipi, tunda limekatwaje, na nafasi iliyobaki kati ya vipande ni kiasi gani. Aidha yanaeleza jinsi shule isiyo na mizani iwezavyo kujitengenezea jedwali lake kwa kutumia maji.

Ujazo si uzito

Ujazo ni nafasi ambayo kitu hukalia. Hupimwa kwa lita au mililita. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Hupimwa kwa kilogramu au gramu. Katika fizikia uzito ni nguvu ya mvutano wa dunia juu ya tungamo, nayo hupimwa kwa nyutoni. Hata hivyo sokoni na jikoni watu husema “uzito wa kilo moja”, na makala haya yanafuata mazoea hayo.

Lugha ya Kiswahili ilitambua tofauti hii zamani. Wafanyabiashara wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Hivyo vilikuwa vyombo vya kujazwa: vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Karafuu na pembe za ndovu zilipimwa kwa ratili na frasila, yaani kwa mizani. Frasila moja ni takriban kilo 16. Hakuna aliyeuliza pishi moja ni sawa na ratili ngapi bila kwanza kuuliza: pishi ya nini?

Swali hilo la “ya nini” ndilo densiti. Densiti ni tungamo iliyogawanywa kwa ujazo. Maji safi yana densiti ya gramu 1 kwa kila mililita, kwa hiyo mililita 250 za maji ni gramu 250. Kwa matunda, kanuni ni ile ile:

Gramu = mililita × densiti

Ugumu uliopo ni kupata densiti iliyo sahihi.

Kikombe kipi?

Neno “kikombe” halitaji kipimo kimoja. Katika vitabu vya Marekani kikombe ni mililita 237. Katika vitabu vya Australia ni mililita 250. Katika vitabu vya zamani vya Uingereza, kikombe kilichokuwa nusu ya painti kilichukua mililita 284. Kikombe cha chai cha nyumbani chaweza kuwa na ujazo wowote. Mpishi aliyetumia nusu painti mahali pa kikombe cha Marekani amezidisha kwa asilimia 20 kabla hajaanza kukata tunda.

Kwa hiyo hatua ya kwanza katika somo lolote la namna hii ni kupima kikombe chenyewe. Mwanafunzi akijaze maji hadi ukingoni, kisha ayamimine katika silinda ya kupimia ya maabara na kuandika idadi ya mililita.

Hewa ndani ya kikombe

Jedwali lifuatalo limetokana na takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani. Linaonyesha gramu za tunda lililomenywa katika kikombe kimoja cha mililita 237.

Ndizi mbivu: vipande, gramu 150, zilizopondwa, gramu 225
Papai: vipande, gramu 145, lililopondwa, gramu 230
Parachichi: vipande, gramu 150; lililopondwa, gramu 230
Embe: vipande, gramu 165
Nanasi: vipande, gramu 165

Msomaji atazame safu ya kwanza. Ndizi ni ile ile na kikombe ni kile kile, lakini zikipondwa uzito huongezeka kutoka gramu 150 hadi 225, yaani mara moja na nusu. Ndizi yenyewe haikuongezeka uzito. Kilichobadilika ni hewa. Vipande vilipowekwa kikombeni viliacha mianya kati yao. Viliposagwa kuwa rojo, mianya ilijaa.

Ukigawanya 225 kwa 237 hupatikana 0.95. Hiyo ndiyo densiti ya rojo ya ndizi, nayo ni karibu sana na ile ya maji. Ukigawanya 150 kwa 225 hupatikana 0.67, maana yake vipande vimejaza takriban theluthi mbili ya kikombe, na theluthi moja ni hewa. Kwa papai sehemu iliyojazwa ni 0.63, kwa parachichi ni 0.65. Matunda ni tofauti, lakini sehemu zinazojazwa zinakaribiana.

Ukaribu huo una sababu yake katika hisabati. Mwaka 1611 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alisema kwamba tufe zilizo sawa, zikipangwa kwa uangalifu kama machungwa ya muuzaji hodari, haziwezi kujaza zaidi ya asilimia 74 ya nafasi. Thomas Hales wa Marekani alitoa uthibitisho wake mwaka 1998. Tufe zikimiminwa ovyo na kutikiswa, hujaza asilimia 64 tu hivi. Vipande vya tunda si tufe, lakini navyo humiminwa ovyo, na matokeo yake hayako mbali na hapo.

Kutokana na hayo, mwanafunzi aweza kukumbuka kanuni mbili za makadirio. Kwanza, rojo ya tunda: zidisha mililita kwa 0.95. Pili, vipande vya tunda lililomenywa: zidisha mililita kwa 0.65. Vilevile vikombe vitatu vya vipande, vikipondwa, huwa takriban vikombe viwili vya rojo.

Kanuni hizi ni za makadirio, nazo hubadilika vipande vikiwa vikubwa kupita kiasi. Kipande kikubwa hakiwezi kukaa vizuri pembeni mwa kikombe, na mianya ya ukutani huongezeka. Kwa sababu hiyo maelekezo mazuri ya mapishi hutaja ukubwa wa vipande.

Mfano wa jamu ya papai

Mpishi amesikia kwamba jamu ni “kikombe kwa kikombe”: vikombe vinne vya papai kwa vikombe vinne vya sukari, pamoja na maji ya limau. Kikombe kimoja cha sukari ni gramu 200, kwa hiyo sukari yote ni gramu 800. Papai je?

Akitumia vipande, papai ni 4 × 145 = gramu 580. Akitumia rojo, ni 4 × 230 = gramu 920. Maneno ya maelekezo ni yale yale, lakini tofauti ni gramu 340.

Jamu huhifadhika kwa sababu sukari hushikilia maji, ukungu na chachu vikakosa maji ya kuvitosha kukua. Ili hali hiyo ipatikane, yabisi iliyoyeyuka katika jamu, ambayo sehemu yake kubwa ni sukari, inapaswa kufikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wote. Papai lina maji asilimia 88 na yabisi asilimia 12 hivi. Hesabu huwa kama ifuatavyo, maji ya limau yakiachwa kwa kuwa ni machache.

Sufuria ya vipande. Uzito wa mwanzo ni 580 + 800 = gramu 1,380. Yabisi ni 70 ya papai na 800 ya sukari, jumla gramu 870. Ili 870 iwe asilimia 65, jamu yote inapaswa kuwa 870 ÷ 0.65 = gramu 1,338. Maji ya kuondolewa kwa kuchemsha ni gramu 42 tu.

Sufuria ya rojo. Uzito wa mwanzo ni 920 + 800 = gramu 1,720. Yabisi ni 110 na 800, jumla gramu 910. Jamu yote inapaswa kuwa 910 ÷ 0.65 = gramu 1,400. Maji ya kuondolewa ni gramu 320.

Basi na ichukuliwe kwamba mpishi amefundishwa muda wa kuchemsha unaofaa sufuria ya vipande, naye akautumia kwa sufuria ya rojo. Akiondoa gramu 42 tu, jamu yake itabaki na gramu 1,678, na yabisi itakuwa 910 ÷ 1,678, yaani asilimia 54. Siku za kwanza itaonekana nzuri, ila ni nyepesi kidogo. Baadaye ukungu utaota juu yake, na mpishi atalaumu chupa, mfuniko au hali ya hewa ya Tukuyu. Kinyume chake, akitumia muda wa sufuria ya rojo kwa sufuria ya vipande, atabakiwa na gramu 1,060 zenye yabisi asilimia 82, na sukari itaganda au kuungua. Kosa lilifanyika kikombeni, kabla moto haujawashwa.

Hapa pana onyo jingine kwa wakazi wa nyanda za juu. Vitabu vingi husema jamu imeiva ikifikia nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Kipimo hicho ni cha mahali palipo usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na kiwango cha mchemko hupungua kwa nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Kwa hiyo maji ya Tukuyu huchemka karibu na nyuzi 95, na jamu huiva kwenye nyuzi 99 au 100. Anayengoja 105 ataipita jamu na kufika kwenye peremende. Njia iliyo salama ni kupima uzito wa sufuria tupu mwanzoni, kisha kuupima tena jamu ikiwamo, hadi ufikiwe uzito uliopigiwa hesabu.

Mizani ya maji

Shule nyingi hazina mizani ya jikoni. Hata hivyo kila shule ina maji, na maji ni mizani iliyo tayari. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, aligundua kwamba kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kanuni hiyo yatosha kupima tunda la aina yoyote.

Vifaa: beseni kubwa lenye maji, kopo jembamba lenye kuta zilizonyooka, kwa mfano kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 10, jiwe dogo bapa, kalamu isiyofutika kwa maji, silinda ya kupimia.

Hatua ya kwanza. Weka jiwe ndani ya kopo ili lisipinduke, kisha lieleze kopo katika beseni. Jiwe lisiondolewe hadi mwisho wa jaribio.

Hatua ya pili. Pima kikombe kimoja cha vipande vya tunda, ukivisawazisha ukingoni bila kuvishindilia. Vimimine katika kopo linaloelea. Kopo litazama kidogo. Likitulia wima, weka alama mahali maji yanapogusa ubavu wake.

Hatua ya tatu. Ondoa tunda, futa kopo, ulieleze tena. Mimina maji ndani yake taratibu kwa silinda, hadi kopo lizame kufikia alama ile ile. Andika mililita zilizotumika.

Kwa kuwa kopo limezama kina kile kile mara zote mbili, uzito wa maji yaliyomiminwa ni sawa na uzito wa tunda. Na kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja, idadi ya mililita ndiyo idadi ya gramu. Jaribio lirudiwe mara tatu na wastani utafutwe.

Usahihi wake ni upi? Kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 lina eneo la kitako la sentimita za mraba 78.5. Kwa hiyo alama ikikosewa kwa milimita moja, kosa ni gramu 8 hivi. Kwa kikombe cha gramu 150 hilo ni kosa la asilimia 5, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na tofauti kati ya vipande na rojo. Mwanafunzi atambue pia kwa nini kopo jembamba ni bora kuliko beseni pana: kwa uzito ule ule, kopo jembamba huzama zaidi, na alama husomeka kwa urahisi.

Kwa njia hii darasa laweza kutengeneza jedwali la matunda ya mahali pake. Hilo ni jambo la lazima, si pambo. Takwimu za Marekani zilizotajwa hapo juu zilipimwa kwa ndizi na mapapai ya masoko ya huko. Ndizi za Rungwe ni za aina nyingi, na si zote zilizo sawa kwa ukubwa, maji na unene wa ganda. Jedwali la darasa litaje jina la tunda, hali ya kuiva, ukubwa wa vipande, ujazo wa kikombe na wastani wa gramu. Likikosa mojawapo ya hayo, msomaji wake hataweza kulitumia.

Maganda nayo yahesabiwe. Kwa takwimu zile zile, ganda la ndizi huchukua asilimia 36 ya uzito wa ndizi nzima, na ganda pamoja na kokwa la parachichi huchukua asilimia 26. Anayehitaji gramu 640 za ndizi iliyomenywa hana budi kununua kilo nzima.

Kutoka jikoni hadi sokoni

Kosa la kikombe hupoteza sufuria moja ya jamu. Kosa hilo hilo likifanywa kwa debe hupoteza jasho la mkulima.

Debe la bati lililoenea Afrika Mashariki lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4 za Uingereza, yaani lita 18.2. Leo ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Neno ni moja, lakini ndoo imezidi debe kwa asilimia 10. Kisha mnunuzi hudai lijazwe hadi lipate kilima juu yake. Kilima hicho kina umbo linalokaribia pia, na ujazo wa pia ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo. Ndoo yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, ikiwa na kilima cha kimo cha sentimita 12, huongezewa:

⅓ × 3.14 × 15 × 15 × 12 = sentimita za ujazo 2,826, yaani lita 2.8.

Hivyo “debe” limekuwa lita 22.8 mahali pa 18.2. Uwiano ni 1.25. Mkulima anayepokea bei ya debe nne kwa vipimo hivyo amekwisha kutoa debe tano. Ufungashaji wa magunia kwa lumbesa hufuata hesabu ya namna hiyo hiyo, nao umepigwa marufuku. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 una wajibu wa kuisimamia. Lakini sheria humsaidia zaidi mkulima anayeweza kueleza kwa tarakimu alichopunjwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua ujazo wa pia aweza kumpigia mzazi wake hesabu hiyo kwa kijiti na rula, papo hapo gengeni.

Maana ya somo hili haiishii jikoni. Chombo cha kujazwa hupima nafasi, na nafasi hiyo ina tunda na hewa pamoja. Anayenunua, anayeuza na anayepika hawana budi kujua kila kimoja ni kiasi gani.

Maswali ya mazoezi

1. Maelekezo ya keki yanataka vikombe 2 vya ndizi zilizopondwa, kikombe kikiwa mililita 237. Je, zinunuliwe gramu ngapi za ndizi zenye maganda?

2. Kikombe cha shule kina mililita 300. Kwa kutumia jedwali, kadiria gramu za vipande vya nanasi zitakazojaa ndani yake.

3. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 12 limezama sentimita 4 zaidi baada ya kutiwa tunda. Tunda lina gramu ngapi?

4. Debe la lita 18.2 lenye nusu kipenyo cha sentimita 14 limewekwa kilima cha kimo cha sentimita 9. Kilima hicho kimeongeza asilimia ngapi?

Majibu: (1) takriban gramu 703, (2) takriban gramu 209, (3) takriban gramu 452, (4) takriban asilimia 10.